Kipindi cha Sanaa na Michezo kisiwe akiba ya Hisabati

Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Baraza la Mitihani la Tanzania. Na maafisa elimu wa halmashauri tano za Mkoa wa Dar es Salaam

YAH: KAZI ZA UBUNIFU DARASANI KATIKA SHULE ZA MSINGI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali upande wa Ilala, jirani na bonde la Mto Msimbazi. Naandika kwa niaba yangu mwenyewe, sijatumwa na chama wala na mwalimu mkuu wangu. Ninachokiomba nakitaja mapema ili asiye na muda wa kusoma hadi mwisho asikikose. Naomba kipindi cha Sanaa na Michezo, pamoja na muda wa kazi za vitendo katika masomo mengine, kilindwe kwenye ratiba kama kinavyolindwa kipindi cha Hisabati. Naomba kitengewe fedha kidogo ya vifaa. Na naomba kazi anayoifanya mtoto kwa mikono yake, darasani, ihesabiwe anapopimwa.

Na mtaala sina ugomvi. Huu ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, umeipa Sanaa na Michezo nafasi ya somo kamili. Jiografia na Mazingira, Sayansi, hata Kiswahili, yote yanamtaka mwalimu amwezeshe mtoto kupima, kuchora, kuigiza na kuunda. Na fikra hii ni yetu tangu zamani: mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alizilalamikia shule zinazotukuza vitabu na mitihani na kuisahau kazi. Shida ipo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na namna inavyoliwa kipindi kwa kipindi kuanzia Februari.

Nieleze inavyotokea. Januari ratiba huwa nzuri, kila somo lina mahali pake. Wiki chache baadaye linakuja jaribio la kata, halafu la halmashauri, halafu mock, mtihani wa majaribio, ya darasa la saba, na sisi wa darasa la nne tuna Upimaji wa Kitaifa unaotusubiri kuelekea mwisho wa mwaka. Kila jaribio linapokaribia, mwalimu wa taaluma anapita na daftari lake: "Mwalimu, hicho kipindi chako cha leo tufanye maswali ya Hisabati." Simlaumu, naye amebanwa. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, uamuzi nilioufurahia sana, lakini kwenye vikao vya huku chini orodha bado inasomwa kwa sauti, kuanzia shule ya kwanza mpaka ya mwisho, na mwalimu mkuu aliye mkiani anasimamishwa ajieleze. Sijawahi kusikia kikao ambacho mwalimu mkuu aliulizwa watoto wake wameunda nini muhula huu. Kwa hiyo kipindi kisicho na mtihani ndicho kinachotolewa kwanza, na mwalimu mwenye busara zake hujifunza kutokiandalia andalio la somo, maana anajua hakitafika.

Sasa niwaeleze kilichowezekana pale tulipopewa nafasi.

Masika iliyopita, mimi na mwenzangu anayefundisha Hisabati tuliomba kuunganisha kipindi chake na changu, tupate dakika 80 mfululizo mara moja kwa wiki. Mwalimu mkuu akakubali. Watoto wakaleta chupa tupu za maji za lita moja na nusu, vitu ambavyo Dar es Salaam havinunuliwi, vimejaa mitaroni. Tukachagua zenye ubavu ulionyooka. Nilizikata mwenyewe pale mabega ya chupa yanapoanzia. Kisu sikuwapa watoto. Sehemu ya juu tukaigeuza kichwa chini ikawa faneli, ndani tukaweka kokoto ili upepo usiiangushe, tukamimina maji mpaka yakafika pale chupa inaponyooka, na hapo tukaweka alama ya sifuri. Rula ya karatasi tukaibandika ubavuni kwa selotepu. Hicho ni kipimamvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo inatumia kanuni hiyohiyo: unapima kina cha maji yaliyoanguka, kwa milimita, kisha unayamwaga na kuanza upya. Watoto wetu walikuwa wakisoma chupa zao saa tatu asubuhi, wakiandika namba kwenye jedwali la karatasi ya manila nyuma ya darasa.

Baada ya siku kadhaa, kundi moja likawa linaleta namba kubwa kuliko wenzao kila mvua inaponyesha. Wengine wakaanza kuwaita waongo. Mtoto mmoja, ambaye kusoma bado kunamsumbua na mkono wake huwa haunyooki darasani, akaenda akasimama pale kilipo kipimamvua chao, akatazama juu, akarudi kuniambia: "Mwalimu, hiki kinanyeshewa na bati." Ni kweli. Walikiweka chini ya ukingo wa paa, kikawa kinapokea mvua ya angani na maji ya bati kwa pamoja. Tukakihamishia uwanjani, mbali na paa na mwembe, namba zikakaribiana na za wenzao. Waheshimiwa, mtoto yule alifanya kitu ambacho muhtasari wa Sayansi unakiomba kwa maneno mengi: aliona tofauti kwenye takwimu, akatafuta chanzo, akakithibitisha kwa macho. Hakuna swali la kuchagua A, B, C au D ambalo lingenionesha kwamba anaweza hivyo. Ningemaliza mwaka naye nikimhesabu miongoni mwa watoto dhaifu.

Kisha ikaja Hisabati, ileile tunayoambiwa kwamba inapungukiwa muda. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye eneo la mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Ukishawapa watoto ukweli huo mmoja, maswali wanayatunga wenyewe. Waliupima urefu na upana wa paa la darasa letu kwa kufuata msingi chini, wakapata mita 10 kwa 8, yaani mita za mraba 80. Siku moja ikanyesha milimita 20. Wakazidisha: lita 1,600. Mmoja akauliza ni ndoo ngapi, wakagawanya kwa ndoo ya lita 20, zikatoka ndoo 80. Walishangaa sana, kwa sababu kila mtoto wa shule yetu anajua uzito wa ndoo moja, ameibeba. Jiji hili hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi unaoongoza. Wakataka kujua kwa nini basi paa letu halina mfereji wala hatuna tangi la kuvunia maji. Swali hilo sikulijibu. Niliwaambia waiandikie kamati ya shule barua rasmi, yenye anwani mbili, kichwa cha habari na hesabu zao, na hivyo ndivyo tulivyomaliza mada ya uandishi wa barua katika Kiswahili. Kamati imeipokea na imeahidi kuijadili. Wastani, grafu za nguzo, eneo, kuzidisha, kugawanya, vipimo vya ujazo, uandishi wa barua: vyote vimo kwenye mihtasari yetu, na vyote vilipita mikononi mwao ndani ya masika moja.

Tulipotoka hapo tukachora ramani ya mtaa. Hatukushuka bondeni, Msimbazi wakati wa masika si mahali pa kupeleka watoto. Walitumwa nyumbani na swali moja la kuwauliza wazazi, mabibi na majirani: maji ya mafuriko yaliwahi kufika wapi? Majibu yaliyorudi yalikuwa utajiri. Wapo wazazi waliosimulia Desemba 2011, mafuriko yaliyoifanya serikali iwahamishie Mabwepande baadhi ya wakazi wa bondeni. Mmoja aliwaonesha watoto alama ya tope ukutani, mwingine akawaambia duka lipi lilibaki juu ya maji. Watoto wakaviweka vyote kwenye ramani: shule, msikiti, kanisa, kituo cha daladala, mitaro, na mstari wa bluu pale maji yalipofika. Kisha wakachora kwa rangi nyekundu njia ya kupita kurudi nyumbani mvua kubwa ikinyesha wakiwa shuleni. Katika mtaa wetu, somo hilo la ramani linaweza kuokoa mtoto.

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila nikiyasimulia haya naulizwa: una watoto wangapi? Nina zaidi ya mia moja. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na wengi wetu Dar es Salaam tunakisikia kwenye nyaraka tu. Lakini wingi huo ndio ulionifanya nitafute kazi za vikundi, maana mbele ya watoto mia, mwalimu anayeongea peke yake anafundisha madawati matatu ya mbele. Nawagawa makundi ya watoto wanane hivi. Kila mmoja ana kazi: mpimaji, mwandishi, mchoraji, mtunza vifaa, msemaji, na wanaohakiki namba za wenzao. Kazi hizo zinazunguka kila wiki ili mwenye mwandiko mzuri asibaki kuandika milele. Nusu ya darasa inafanya kazi ya nje chini ya mti na mwalimu mmoja, nusu inabaki ndani na mwingine, wiki inayofuata wanabadilishana. Kelele zipo. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akipita na kukuta kelele, naomba aulize watoto wanafanya nini kabla hajaandika kwamba darasa halina utulivu.

Kazi nyingine ninayoipenda kuliko zote ni kitabu cha darasa. Kila mtoto anakusanya hadithi moja au vitendawili vitano kutoka kwa mtu mzima wa nyumbani. Dar es Salaam imekusanya watu wa kila mkoa, kwa hiyo darasa moja linakupa sungura wa Uzaramoni, fisi wa Usukumani na majini ya Pwani. Mtoto anaisimulia kwanza mbele ya kundi lake, wenzake wakiitikia "hadithi njoo", kisha anaiandika rasimu, mwenzake anaisahihisha, anaiandika upya kwa mwandiko safi na kuichorea picha. Jalada linatoka kwenye boksi la biskuti, kurasa tunazishona kwa sindano na uzi wa gunia. Kitabu hicho tunakipeleka darasa la pili, nao wanakisoma. Nimewaona watoto wa darasa la pili wakigombania kitabu kilichoandikwa na kaka na dada zao kwa namna ambayo hawagombanii kitabu cha kiada. Mwandishi naye, akijua kwamba kuna mtu atamsoma, anarudia sentensi yake mara tatu bila kuambiwa. Imla na insha za kuandikia daftari peke yake hazijawahi kunipa hilo.

Kwenye uchoraji, tunaanza na mtu wa hapahapa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake leo unajulikana duniani kote kwa jina lake. Watoto wanaposikia kwamba alianza na rangi ya baiskeli, wanaacha kuniambia hawawezi kuchora kwa kuwa hawana kalamu za rangi. Tunatumia mkaa, chaki zilizolowekwa, udongo mwekundu, majani ya mchicha na manjano ya jikoni. Lakini hapa naomba nisieleweke vibaya. Ubunifu wa kutumia vitu vya mtaani usigeuzwe kuwa sababu ya serikali kutotoa chochote. Tingatinga hakuwa mtoto wa darasa la nne anayegombania mkasi mmoja na wenzake mia.

Magari ya waya yenye matairi ya ndala, mnayajua, wengi wenu mmeyaendesha. Ukiwapa watoto kazi ya kuyashindanisha kwenye ubao ulioinamishwa, wanapima umbali na muda na kujadili msuguano. Mchicha kwenye magunia uko tayari kuvunwa ndani ya wiki tatu au nne, unatosha kabisa katika nusu ya muhula, na unafundisha kupima ukuaji kwa rula. Sitaki kuirefusha orodha. Kila mwalimu anayefundisha kwa moyo ana yake.

Niseme pia nisichokitaka, kwa sababu kinafanyika kwa jina la ubunifu. Sitaki kazi ya mradi igeuzwe kuwa kazi ya nyumbani. Nimeona watoto wa shule jirani wakitumwa kuleta nyumba ya boksi, dunia ya karatasi au mfano wa moyo wa binadamu, na mama mtu anahangaika usiku kwenye duka la vifaa vya shule kutafuta cha kununua. Kuna mafundi wanaoviuza vikiwa tayari. Mtoto wa mwenye uwezo analeta kinachong'aa, mtoto wa mamantilie analeta chozi au haji kabisa. Serikali iliondoa ada na michango kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015. Mradi wa kununua unairudisha michango hiyo kupitia mlango wa nyuma. Kazi ianze na iishe shuleni, ndani ya kipindi, mikononi mwa mtoto. Sitaki pia kazi za kuwafurahisha wageni. Siku wageni wanapotarajiwa, kuta hujaa michoro ya walimu na ya fundi wa mabango, na wageni wakiondoka inashushwa na kufungiwa stoo. Mchoro uliopinda wa mtoto una haki zaidi ya kukaa pale ukutani.

Kuhusu fedha. Ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka ni kiwango cha tangu enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002. Katika hizo, 6,000 ndizo zinazoelekezwa shuleni na 4,000 zinabakizwa kwa ajili ya vitabu. Chukueni shule yenye wanafunzi 1,000: inapata shilingi milioni sita kwa mwaka, laki tano kwa mwezi, na humo mna chaki, shajala, mitihani, ukarabati mdogo na mambo ya ofisi. Mwalimu wa Sanaa na Michezo akiomba gundi anajibiwa kwamba fedha imeisha, na inakuwa imeisha kweli. Naomba iongezwe shilingi 500 kwa kila mtoto kwa mwaka, iandikwe kwa jina lake kwenye mwongozo wa ruzuku: vifaa vya kazi za vitendo. Kwa shule hiyo ya wanafunzi 1,000 ni laki tano. Zinatosha mikasi isiyo na ncha kali, gundi, karatasi za manila, brashi, rangi za maji, rula ndefu na futikamba kadhaa vinavyoweza kuzunguka madarasa yote, kama vitatunzwa. Ndiyo maana naomba na kabati lenye kufuli. Shule nyingi za jiji zina mikondo miwili, asubuhi na mchana, darasa moja linatumiwa na watoto tofauti. Kazi iliyoachwa juu ya dawati saa sita haikutwi asubuhi. Nimeona watoto wakilia kwa ajili ya mabaki ya daraja la vijiti walilolijenga wiki tatu. Kabati si anasa.

Kuhusu upimaji, nasema na Baraza la Mitihani kwa unyenyekevu. Nafahamu kwamba kusahihisha kazi za nchi nzima kwa haki ni mzigo mkubwa, na kwamba fomu zinazosomwa na mashine zina sababu zake. Siombi mtihani wa darasa la saba uwe wa kuunda magari. Naomba kidogo tu: kila muhula, kila mtoto wa darasa la tatu hadi la sita awe na mkoba wa kazi zake, wenye angalau kazi mbili za ubunifu zilizofanyika darasani, na fomu fupi ya ukurasa mmoja inayoeleza alipanga nini, alifanya nini, alirekebisha nini. Mwalimu aipe alama kwa vigezo mtakavyovitoa ninyi, mthibiti ubora aichunguze kwa kuchagua mikoba michache bila taarifa, na alama hizo ziingie kwenye maendeleo ya mwanafunzi. Mwalimu mkuu akijua kwamba mikoba itafunguliwa, kipindi cha Sanaa na Michezo hakitaguswa tena. Wapo watakaosema walimu watajipendelea. Watakuwepo. Ndiyo kazi ya uthibiti, na heri tupambane na mwalimu mmoja anayepandisha alama kuliko kuendelea na mfumo ambao kazi ya mikono haina alama kabisa.

Walimu wenyewe nao wanahitaji kushikwa mkono. Wengi wetu tulifundishwa kwa ubao na fimbo, na hatukuwahi kuona darasa la watoto mia likifanya kazi kwa makundi. Lakini mfumo wa kutusaidia upo tayari. Kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayofanyika shuleni na kwenye vituo vya walimu. Mara nyingi muda huo tunautumia kusomeana moduli. Naomba walau kikao kimoja kila mwezi kiwe cha kutengeneza: walimu wakae chini, wakate, wapime, wajaribu kazi ile wanayokwenda kuwapa watoto wiki inayofuata. Mwalimu aliyewahi kuona faneli yake mwenyewe ikivuja hatamgombeza mtoto ambaye yake imevuja.

Na jiji lenyewe ni darasa. Kijiji cha Makumbusho kipo palepale Barabara ya Bagamoyo, na nyumba za asili za makabila yetu mtoto anaweza kuzigusa. Makumbusho ya Taifa ipo katikati ya mji. Mwenge kuna wachonga vinyago, Feri kuna mabaharia na wavuvi wanaojua nyota na mikondo ya bahari. Watoto wengi wa Ilala wanafika darasa la saba bila kuviona. Halmashauri zetu zikipanga zamu na Shirika la Makumbusho, kila shule ikapata siku moja kwa mwaka, na utaratibu wa kibali ukawa barua moja badala ya tatu, inawezekana.

Kuna sababu ya kuharakisha. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao walio mbele yao watamaliza darasa la saba. Miaka sita badala ya saba. Hofu ya ufaulu itakuwa kubwa kuliko tulivyoizoea, na nawajua wenzangu, nalijua na shinikizo linaloshuka kutoka juu: vipindi vyote visivyo na mtihani vitafagiliwa. Tukifika 2027 tukiwa tumefanya hivyo, tutakuwa tumewapa mtaala mpya watoto hao kwa jalada, na ndani tukawasomesha ule wa zamani kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo naomba, kabla muhula wa pili haujafunguliwa Julai, maafisa elimu wa halmashauri tano za mkoa huu watoe maelekezo ya maandishi ya ukurasa mmoja: kipindi pacha cha dakika 80 kwa wiki kwa kila darasa kuanzia la tatu, kisichohamishika hata wiki ya mock, na marufuku ya kazi za mradi zinazotakiwa kununuliwa. Hilo halihitaji bajeti wala kibali cha Dodoma. Mambo ya ruzuku na mikoba ya kazi najua yana safari ndefu zaidi. Wizara, TAMISEMI na Baraza wanaweza kuyajaribu kwanza katika kata chache za Dar es Salaam kwa mwaka mmoja. Shule yetu ikichaguliwa, darasa langu lipo tayari, na jedwali la mvua bado limebandikwa nyuma ya darasa kwa yeyote atakayetaka kuja kulikagua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la nne
Ilala, Dar es Salaam